Kuchagua mtaa katika jiji la watu wa kila asili

Anayehamia katika jiji lenye watu wa mataifa, dini na lugha nyingi huulizwa na ndugu na marafiki swali moja kabla ya mengine yote: watu wetu wanakaa upande gani? Ni swali la haki kabisa. Mtu aliyefika juzi, asiyejua taratibu za kupanga nyumba wala pa kumkimbiza mtoto akishikwa na homa usiku, anahitaji jirani wa kumweleza mambo kwa lugha inayomwingia, na sijaona ofisi inayoweza kushika nafasi ya jirani wa namna hiyo. Hata hivyo, ninaamini kwamba swali hilo peke yake halitoshi, na kwamba tunapaswa kuuliza pia kama wakazi wasiofanana wa mtaa huo wana mahali pa kukutana, na wakikutana huzungumza.

Ndege wafananao huruka pamoja, walisema wahenga, na mchumi wa Marekani Thomas Schelling, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, alionyesha tabia hiyo inafika umbali gani. Alipanga alama za rangi mbili kwenye ubao wa miraba, kisha akazihamisha moja baada ya nyingine kwa kanuni nyepesi: kila moja iko radhi kuzungukwa na nyingi za rangi nyingine, mradi tu majirani wa rangi yake wasipungue sehemu fulani, tuseme theluthi. Matokeo yake ubao mzima ukajigawa katika makundi yaliyotengana, ingawa hakuna alama iliyotaka utengano huo. Tangu nilipoelewa jambo hilo sioni tena uchaguzi wa nyumba kuwa shauri la familia yangu pekee, kwa sababu kila anayehama anabadilisha pia mtaa anaouacha na ule anaouingia.

Utengano mwingine, bila shaka, ulipangwa. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, shirika la serikali lilichora ramani za miji ambamo mitaa ya watu Weusi ilipakwa rangi nyekundu kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari, na hadi leo mipaka hiyo inaonekana katika miji mingi. Sheria ya mwaka 1968 ilikataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, na chini yake dalali haruhusiwi kumwelekeza mteja kwenye mtaa fulani kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Kwa hiyo dalali akikwambia kwamba mtaa ule "si mzuri", mwombe ataje kasoro yenyewe. Je, ni maji, usalama, usafiri, au ni wanaoishi pale?

Singapore ilishika njia nyingine. Tangu mwaka 1989 kila jengo na kila mtaa wa nyumba za umma una kiwango cha juu cha wakazi wa kila kundi la asili, na kwa kuwa wananchi walio wengi huishi katika nyumba hizo, utaratibu huo umegusa karibu kila familia. Gharama yake ipo: kundi moja likishafikia kiwango katika jengo, muuzaji wa kundi jingine hawezi kumuuzia mtu wa kundi hilo, na mara nyingi anayebaki na wanunuzi wachache ni yule wa kundi dogo. Ninaunga mkono lengo la sera hiyo, lakini kiwango kinaweza tu kuwafanya watu wapande ngazi moja. Hakiwezi kuwafanya wasalimiane.

Ndiyo maana nikienda kuuangalia mtaa, ninasimama kwanza karibu na geti la shule wakati watoto wanapotoka. Mzazi anayemshika mkono mtoto wa jirani wa lugha nyingine na kumvusha barabara pamoja na wake hunieleza mengi kuliko takwimu za wakazi. Kisha ninasoma ubao wa matangazo mlangoni mwa jengo. Tangazo la kukatwa maji lililoandikwa kwa lugha mbili au tatu ni dalili kwamba msimamizi anawajua wapangaji wake na anawajali wote.

Kodi, mkataba na umbali wa kazini kila mtu atavipima kwa mfuko wake. Nitaongeza jambo moja tu: kama watu wako wanakaa mbali na mtaa uliokuvutia, panda basi la kwenda kwao siku ya mapumziko, kisha urudi nalo usiku, kabla hujatia saini. Safari hiyo ikiwa nyepesi, unaweza kuishi katikati ya wengine bila kuwapoteza wako. Ikiwa nzito, hasa kwa mzazi mzee unayeishi naye, basi kaa karibu nao, na uchague upande wa mtaa wao unaopakana na mitaa ya wengine.