Kadi Namba 87

Mwanzoni mwa Septemba 2006, wiki tano kabla ya kaka yangu kufunga ndoa, kamati ya harusi ilikaa sebuleni kwetu, Kihonda, Morogoro, ikapitia bajeti mstari kwa mstari hadi ikafika kwenye kifungu cha kadi za mwaliko. Kadi za michango zilikuwa zimesambazwa tangu Juni, na ahadi zilizoandikwa daftarini zilikuwa nyingi kuliko fedha alizokuwa nazo mweka hazina, kama ilivyo kawaida ya ahadi. Bei ya kadi moja ya mwaliko dukani ilitosha kununua soda tatu, nasi tulihitaji kadi mia mbili. Mwenyekiti akauliza kama yupo anayeweza kuzitengeneza hapo nyumbani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nilikuwa nikisubiri kuanza chuo, sina kazi wala udhuru, nikanyoosha mkono kabla sijafikiri.

Usharikani kwetu harusi haikuwa siri, kwa kuwa matangazo ya ndoa husomwa kanisani Jumapili tatu na kila mtu huyasikia. Lakini kanisani huingia yeyote, ukumbini huingia mwenye kadi. Kadi ndiyo inayomwambia mpishi apike sahani ngapi, ndiyo inayomwambia mgeni kama amealikwa peke yake au na mwenzake, singo au dabo kama tulivyokuwa tukisema, na ndiyo inayoamua nani atanuna mwaka mzima.

Jirani yetu mmoja alikuwa na steshenari ndogo yenye kompyuta moja na printa ya leza. Mwaka ule ukame ulikuwa umepunguza maji kwenye mabwawa ya kufulia umeme, Mtera likiwemo, na mgawo ulikuwa mkali. Mtaani kwetu umeme uliondoka asubuhi na kurudi jioni giza likiwa limeshaingia. Kwa hiyo yule jirani alinikubalia nitumie printa yake usiku, baada ya yeye kumaliza kazi za wateja, kwa sharti kwamba karatasi niende nazo mwenyewe. Nilinunua karatasi nene za rangi ya maziwa, mia moja na ishirini za ukubwa wa A4, zile ishirini zikiwa za kuharibu. Ukikata karatasi ya A4 vipande viwili na kukunja kila kipande katikati, unapata kadi mbili zinazoenea vizuri kwenye bahasha ndogo za kawaida.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kuna njia mbili za kuikata, na njia hizo hazilingani. Mwanzoni niliikata kwa urefu, nikapata vipande virefu vyembamba vilivyonipendeza macho, nikavikunja. Kila mkunjo ulipasuka. Uso wa karatasi ulichanika vinywele vyeupe, na wino wa unga wa printa ukabanduka palepale penye mstari kama ukoko. Nilidhani tatizo ni mikono yangu, nikaharibu karatasi kumi na nane nikibadilisha rula na kukunja polepole zaidi. Aliyenifungua macho ni mwenye steshenari, ambaye alichukua karatasi moja nzima, akaikunja kidogo bila kuibana, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili, akaniambia nisikilize kwa vidole. Upande mmoja ililegea, upande mwingine ikagoma. Karatasi, alisema, ina nyuzi zinazolala kuelekea upande mmoja kama mbao, na mkunjo unatakiwa kulala pamoja na nyuzi, usizikate. Nilipoikata karatasi kwa upana badala ya urefu, kadi ikatoka na ukubwa uleule kabisa, lakini mkunjo ukawa laini. Tena alinifundisha kupitisha kwanza kalamu ya Bic iliyokwisha wino kwenye mstari wa mkunjo, nikiigandamiza kando ya rula ya chuma, ili karatasi ijue mahali pa kuinamia. Zile karatasi kumi na nane zilizopasuka sikuzitupa. Mama hakuwa mtu wa kuona karatasi nene ikitupwa.

Maneno ya kadi yalinipa taabu kuliko mikunjo. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na Mama alinitamkia mstari wa kwanza bila kusita: "Bwana na Bibi," kisha jina letu la ukoo, "wanayo furaha kubwa kukualika." Nilipoupeleka kwenye kamati, wakasema haiwezekani mtu aliyezikwa na nusu ya mji akawa anaalika watu harusini bila kutajwa kuwa ni marehemu, wageni wa mbali wangechanganyikiwa, na wengine wangeona ni utovu wa heshima. Walikuwa na haki. Usiku ule nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa na haraka, maana haikujulikana umeme ungekaa hadi saa ngapi, nikaongeza neno moja tu mahali nilipoona panafaa, nikachapa kadi zote mia mbili.

Kuzikunja kulichukua siku tatu. Binamu zangu wawili walitoboa matundu na kufunga riboni ya zambarau, rangi ya harusi, na tuligundua mapema kwamba gundi ya maji hukunjamanisha karatasi, kwa hiyo tukatumia ile gundi kavu inayozungushwa na kuchomoza kama rangi ya mdomo. Pembeni kabisa, kwa ndani, nilitia kila kadi namba kwa mkono, kuanzia 1 hadi 200, kwa sababu kamati ilihofia kwamba kadi ya kutengenezwa nyumbani ni rahisi kuigizwa na wazamiaji wa harusi, nao Morogoro walikuwapo wenye uzoefu.

Kazi ya kuandika majina ya wageni alipewa Mjomba, mdogo wake Mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mwenye mwandiko ambao hadi leo sijaona mfano wake. Alikuja siku ya nne mchana na kalamu yake mwenyewe. Alikuwa na daftari lenye majina yote, na hakukubali kuandika jina bila cheo chake: Bw., Bi., Dkt., Mch., Mzee. Kila alipomaliza kadi alijaza namba yake daftarini, akaandika mbele yake singo au dabo. Hakuwa na haraka. Giza likaingia, umeme haukurudi, tukamwashia chemli, akaendelea. Alipofika kwenye kadi ya themanini na saba alisimamisha kalamu. Nadhani ni kwa sababu mwanga ulikuwa hafifu ndipo alipoanza kusoma kwa sauti kile alichokuwa amekwisha kukipita mara themanini na sita.

"Marehemu Bwana na Bibi," akasoma, akafika kwenye jina letu, akanyamaza. Akarudia tena taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kulisikia kosa lake. Nililisikia. Neno lile moja lilikuwa limewazoa wote wawili. Kwa kadi mia mbili, tena zenye riboni, nilikuwa nimemzika mama yangu.

Mjomba hakunikaripia. Aliita tu kuelekea jikoni, "Dada, njoo kidogo." Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akaipokea kadi, akaisogeza mbali na macho yake karibu na chemli. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyostahili. "Kumbe nimekufa," akasema, "na nyote mmekaa hapa hamjaniambia?" Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi mkekani, na sisi tuliokuwa tumeshika mioyo tukacheka naye. Mimi nilikuwa nikicheka na kulia kwa pamoja.

Kuchapa upya kusingewezekana. Karatasi zilikuwa zimekwisha, mweka hazina asingetoa nyingine, na kadi ilibidi zianze kutoka kesho yake ili wageni wa Dar es Salaam na Moshi wapate muda wa kujipanga. Ndipo nilipozikumbuka zile karatasi kumi na nane zilizopasuka. Sehemu zake zisizochapwa zilikuwa safi, na rangi ilikuwa ileile. Nilizikata vipande vyembamba vya sentimita tisa kwa moja na nusu. Kwenye kila kipande Mjomba akaandika kwa mkono, "Bibi," na jina letu, "na familia ya marehemu Bwana," na jina tena. Nasi tukavibandika juu ya mstari wa kwanza, kadi baada ya kadi, hadi karibu na alfajiri. Kwenye mwanga wa jua kingo za kipande zilionekana waziwazi. Wageni wengi walidhani ni pambo, na wengine wakasifu ubunifu wa kuuandika mstari wa waalikaji kwa mkono. Shangazi yangu mmoja, ambaye haamini mambo yaliyofunikwa, alikikwangua cha kwake kwa ukucha, akanipigia simu kutoka Moshi.

Katikati ya kazi ile, usiku, Mama alirudi kutoka chumbani, akaiokota ile kadi aliyoisoma Mjomba. "Hii msiibandike," akasema, akaondoka nayo. Hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi tarehe 7 Oktoba, saa kumi na moja jioni, nilikuwa mlangoni mwa ukumbi pamoja na mjumbe wa kamati aliyepewa daftari la Mjomba ili akague namba za wageni. Alikuwa akilipitia kwa kidole wakati hawajaanza kufika, akanisimamisha kwenye ukurasa mmoja.

"Themanini na saba haina jina. Ni ya nani?"

"Ya Mama."

"Mama anahitaji kadi ya nini kwenye harusi ya mwanawe?" Akachomoa kalamu sikioni. "Haya. Singo au dabo?"

"Dabo," nikamwambia, akaandika.