Taa na sauti katika nyumba ya mawe

Mama mwenye nyumba aliponiita Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, alikuwa amekwisha kununua vifaa. Taa zilikuwa ndani ya maboksi chini ya ngazi, pamoja na spika nne kubwa, naye alitaka nimwonyeshe tu zitundikwe wapi, kwa kuwa nyumba ya marehemu babake inageuzwa jumba la sanaa. Nikamwambia, "Mama, maboksi tuyaache kwanza. Naomba nishinde humu siku moja bila kuwasha kitu." Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu, nyumba ni yako."

Siku ile ndiyo iliyonipa mpango mzima. Nyumba za kale za Lamu ni za matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake umeamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana kumbi zake ni ndefu na nyembamba. Msana wa kwanza, yaani ukumbi wa kwanza wa namna hiyo, niliupima nikapata mita 2.8 kutoka ukuta hadi ukuta. Nilisimama katikati nikapiga kofi moja, na kilichorudi kilikuwa mlio mwembamba unaotetemeka, mfano wa waya uliokazwa ukadonolewa kwa ukucha. Sauti hukimbia kati ya kuta mbili ngumu zinazotazamana, kwenda na kurudi mita 5.6, na kwa mwendo wake wa takriban mita 345 kwa sekunde hukamilisha safari hiyo mara 60 hivi kila sekunde. Mtu akifungulia spika kubwa katika chumba cha namna hiyo, maneno yatagongana na msikilizaji ataondoka bila kuelewa hata sentensi moja.

Nilipogeuka nikapiga kofi kuelekea ukuta wa zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, mlio ulirudi laini. Zidaka zilijengwa kwa ajili ya kupanga vyombo vya kaure na mapambo, lakini vina vyake na kingo zake huitawanya sauti, na kwa sababu hiyo nilikataa katakata pendekezo la kuzijaza spika. Kidaka kikitiwa spika huvuma kama mtungi. Badala yake tuliamua kutumia spika mbili ndogo tu, zikae karibu na kiti cha msikilizaji, zitoe simulizi za mafundi wa majahazi kwa sauti isiyozidi ya mazungumzo ya kawaida. Sakafu itatandikwa mikeka, na ukuta mmoja utapata kitambaa kizito kilichoachwa sentimita 10 mbele ya chokaa, kwa kuwa nafasi hiyo ya nyuma hukiwezesha kumeza sauti zaidi kuliko kikigandamizwa ukutani.

Wembamba huohuo, ambao ni taabu kwa sauti, ni neema kwa taa. Picha huangazwa vizuri mwanga ukishuka kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka wima, kwani ukilala zaidi hung'aa kwenye kioo na kumulika macho, na ukisimama zaidi fremu hutupa kivuli juu ya picha. Dari ya msana ina mita 3.6, na kitovu cha picha tumekiweka mita 1.5 kutoka sakafuni. Kwa hesabu hiyo, reli moja ya taa ikipita katikati ya chumba, mita 1.4 kutoka kila ukuta, inahudumia kuta zote mbili kwa pembe ya nyuzi 34, na kichwa cha mtazamaji hakikatizi mwanga. Reli tutaifunga kwenye boriti kwa mikanda. Niliwahi kuona fundi akitoboa ukuta wa namna hii kwa mashine, na kipande cha chokaa chenye upana wa sinia kikaanguka chote, kazi ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Sitaki kuliona tena.

Nyaya za sauti zitapita njia yake, mbali na nyaya za taa, na kila upande utakuwa na saketi yake, maana swichi za kupunguza mwanga huweza kutia mngurumo ndani ya spika.

Chumba cha ndani ndicho kilichonishughulisha zaidi. Humo utawekwa msahafu wa familia, ulionakiliwa Siyu, kisiwani Pate, wino wake mwekundu bado umekoza. Karatasi na wino havistahili zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na madhara ya mwanga hujumlika: jua kali la mchana hufikia luksi 100,000, kwa hiyo saa moja tu ya jua hilo ni sawa na saa 2,000 chini ya taa hafifu, yaani siku 250 za kufungua mlango kwa saa nane. Nyumba yenyewe imekwisha kutusaidia, kwa kuwa nuru huingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na kupungua kila unapovuka msana mmoja kwenda mwingine, na macho ya mgeni hupata muda wa kuzoea.

Ndani hamtakuwa na spika hata moja. Za msanani zitazimwa kwa mkono kila inapoadhiniwa, nalo ni jukumu la kijana wa mlangoni. Spika nne kubwa zimerudishwa dukani. Balbu za ndani hazijafika, na msahafu ungali sandukuni.