Mshono wa Mbegu ya Nyonyo

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu huko Wete, Pemba, mwalimu wa baiolojia alimpa kila mwanafunzi mbegu moja ya nyonyo aichore. Kitabu kilionesha mstari mwembamba unaoteremka kwenye ubavu wa mbegu kuanzia karibu na kinundu cha nchani, nao ukaitwa rafe. Nilipouliza maana yake niliambiwa ni neno la Kigiriki, nilikariri tu.

Jioni nilimkuta bibi yangu jamvini akishona kofia, nikamwekea mbegu ile kiganjani. Aliigeuza, akapitisha ukucha taratibu juu ya ule mstari, akasema, "Mbona hii ina mshono, mjukuu wangu?" Kesho yake niliandika "mshono" kando ya mchoro wangu, na neno hilo likakatwa kwa wino mwekundu. Liliniuma, kwa sababu nilihisi kwamba bibi hakukosea.

Miaka kadhaa baadaye, nikisomea utabibu Unguja, ndipo nilipokuta kwamba rhaphē kwa Kigiriki ni mshono hasa, kutokana na kitenzi rhaptein, yaani kushona. Na kutoka shina hilohilo ndiko lilikotoka neno rapsodia, ushonaji wa nyimbo. Madaktari wamelitumia neno rafe kwa mistari ya katikati ya mwili, kama ule wa kaakaa, ambako mtoto akiwa tumboni pande mbili hukua kutoka kulia na kushoto hadi zikakutana na kushikana. Zisipokutana, mtoto huzaliwa na kaakaa lililopasuka. Katika nyonyo mambo ni tofauti, na tofauti hii naiona muhimu kuliko yote: hapakuwa na nusu mbili. Kijiyai cha mbegu, kile kinachokuja kuwa mbegu yenyewe, kilipinduka kikalala juu ya kikonyo chake, vikaota pamoja, na ndani ya mstari ule umepita mshipa uliokuwa ukiilisha mbegu. Neno limefuata kile kilichoonwa na jicho, si namna kitu kilivyoumbika, na jicho la bibi liliona sawasawa na la waliouita mstari ule kwa neno la Kigiriki.

Nilipokwenda Pemba likizo nilimweleza hayo yote, kisha nikamwomba aguse kaakaa lake kwa ncha ya ulimi. Alinyamaza kidogo, sindano ikiwa imesimama kwenye kitambaa.

"Na huku pia," akasema.