Karatasi ya A4 Iliyoonekana Mraba: Nilivyorekebisha Uwiano wa Picha ya Kamera Ofisini

Ofisi ya uwakala wa forodha ninayofanyia kazi mjini Busia, upande wa Uganda, huzungumza na Mombasa kwa video karibu kila siku, na mara nyingi kinachotazamwa si sura ya mtu bali ni karatasi: hati ya shehena, orodha ya vifungashio, au ukurasa wenye namba ya lakiri ya kontena ambayo haikusomeka kwenye nakala iliyotumwa. Kamera yetu ya USB imefungwa kwenye mkono wa chuma juu ya meza, ikiangalia chini. Kwa muda mrefu kila karatasi tuliyoiweka chini yake ilionekana imetanuka, herufi zikiwa pana na fupi, hata mwenzetu mmoja wa Mombasa akauliza, "Bwana, hiyo ni hati au ni karatasi ya kufungia maandazi?"

Ofisini lawama zote zilitupiwa mtandao. Mimi sikukubaliana na hilo. Mtandao ukizorota, programu ya mazungumzo hupunguza idadi ya pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, kwa mfano kutoka 1280 kwa 720 hadi 640 kwa 360, lakini upana na kimo hupungua kwa kiasi kilekile. Picha huingia ukungu, hukwama, pengine hukatika vipande, ila duara hubaki duara. Picha iliyotanuka upande mmoja tu imetanuliwa na programu au kifaa fulani kilichoko njiani, na kununua bando kubwa zaidi hakuwezi kuirudisha katika umbo lake.

Nilichora duara kwenye karatasi kwa kufuatisha ukingo wa sahani, nikaliweka chini ya kamera, kisha nikaingia kwenye mazungumzo yaleyale kwa simu yangu, maikrofoni na spika zikiwa zimezimwa ili kuepuka mwangwi. Simu ilinionyesha kile wanachokiona wenzetu, kwa kuwa picha ambayo programu humwonyesha mtu ya kwake mwenyewe si lazima ilingane na ile inayosafiri. Nikapima kwa rula: pale duara lilipokuwa na kimo cha sentimita 6, upana wake ulikuwa sentimita 8.

Vipimo hivyo vilieleza karibu kila kitu. Kamera za kompyuta hutumia hasa maumbo mawili: 4 kwa 3, ambalo ndilo la 640 kwa 480, na 16 kwa 9, ambalo ndilo la 1280 kwa 720 na la 1920 kwa 1080. Picha ya umbo la kwanza ikilazimishwa kujaza fremu ya umbo la pili, upana wake huzidishwa kwa 4 na kugawanywa kwa 3, na 8 kwa 6 ni uwiano huohuo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na kimo cha sentimita 29.7, ukiutanua upana huo kwa hesabu hiyo unapata 28, yaani karibu mraba. Lile swali la maandazi lilikuwa na msingi.

Kilichobaki kilikuwa kujua ni hatua gani iliyotanua. Nilifunga kila kitu nikafungua programu ya kamera iliyokuja na Windows, na humo duara lilikuwa duara. Kwa hiyo lenzi na draiva, ile programu inayoiunganisha kamera na kompyuta, hazikuwa na hatia. Katika mipangilio ya programu ya mazungumzo, hata hivyo, kamera iliyochaguliwa haikuwa ile ya USB bali ni kamera bandia, programu ambayo fundi aliisakinisha zamani ili nembo ya ofisi ionekane pembeni. Programu hiyo ilipokea picha ya 640 kwa 480 na kuinyoosha hadi ijaze turubai, yaani eneo la picha inayotoka, ya 1280 kwa 720. Nilibadilisha agizo la kunyoosha nikaweka la kutosheleza ndani ya turubai, na duara likarudi papo hapo, likiwa na mistari mipana myeusi kushoto na kulia. Mistari hiyo huwaudhi watu wengi, lakini kwa hati mimi naiona afadhali mara mia kuliko namba ya 0 inayofanana na yai lililolala.

Bado nilitaka kujua kwa nini kamera yenye uwezo wa 1280 kwa 720 ilikuwa inatoa 640 kwa 480. Jibu lilikuwa kwenye waya. Picha isiyobanwa, kwa mfumo uitwao YUY2, hutumia baiti 2, yaani biti 16, kwa kila pikseli. Kwa ukubwa wa 1280 kwa 720 na fremu 30 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, hiyo ni takriban megabiti 442 kila sekunde, ilhali USB 2.0, aina ya waya wa kamera yetu, ina megabiti 480 kwenye makaratasi tu na hubeba pungufu kwa vitendo. Kwa 640 kwa 480 mzigo hushuka hadi takriban megabiti 147. Programu iliyoagizwa kupata fremu 30 bila kubana picha ilishuka hadi kwenye ukubwa ambao ungepita. Nilichagua MJPEG, mfumo unaobana kila fremu ndani ya kamera yenyewe, na nikaihamisha kamera kutoka kwenye kigawanyio cha USB iliyokuwa ikikitumia pamoja na skana, nikaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Fremu 30 za 1280 kwa 720 zikapatikana, na mistari myeusi ikatoweka.

Lalamiko moja lilibaki: Mombasa walisema sehemu ya chini ya karatasi inakatwa. Huko ni kukata, si kutanua, na chanzo chake kilikuwa upande wao, kwani walitazama washiriki wote katika vijisanduku na programu ilipunguza kingo ili kila kijisanduku kijae. Niliwaomba waibandike picha yetu iwe peke yake kwenye skrini.

Tangu hapo nasogeza kamera karibu na kuonyesha nusu ya ukurasa kwa mara moja. A4 nzima iliyosimama hupata pikseli 24 tu kwa kila sentimita katika kimo cha 720. Nusu yake, yenye kimo cha sentimita 14.85, hupata takriban 48, na namba ya lakiri husomeka bila mtu kuulizwa airudie kwa sauti.