Zamu yetu ilikuja baada ya nyumba

Taarifa ya kwanza ya akaunti yetu ya akiba ya nyumba ilipofika, mwaka 2021, nilimwita mume wangu jikoni aisome mwenyewe. Tulikuwa tumeshaweka euro 400, na karatasi inasema tunadaiwa 400.

Hakuna aliyetuibia. Ada ya kufungua mkataba, asilimia 1.6 ya euro 50,000 tulizoandikiana, akiba na mkopo pamoja, ni 800, nayo hukatwa kabla senti yako moja haijahesabiwa kuwa akiba. Ukivunja mkataba hairudi. Mshauri wa chama cha akiba tulichosaini nacho alikuwa ametutajia, lakini kutajiwa ni jambo moja na kuona alama ya kutoa mbele ya jina lako ni jingine. Miezi miwili ya mwanzo tuliifanyia kazi ada.

Tunaishi Dortmund, mimi muuguzi, mume wangu dereva wa basi. Mkataba wenyewe Wajerumani wanauita Bausparvertrag. Nilipomweleza mama kwa simu, yuko Tanga, alinikatisha kabla sijafika mbali: "Huo si upatu, mwanangu?" Ni upatu, ila una sheria na mihuri. Unaweka kila mwezi mpaka ufikie kiwango, kwetu asilimia 40, yaani 20,000. Ukishafika unangoja zamu. Zamu ikija unapewa akiba yako pamoja na mkopo wa kujazia zile 30,000 zilizobaki, kwa riba iliyoandikwa siku ya kusaini. Yetu ni asilimia 1.9. Pesa unayokopeshwa ni akiba za wenzako. Ndivyo walivyoanza mwaka 1921 kijijini Wüstenrot, Georg Kropp na wenziwe, wakichangiana ili watu wa kipato cha kawaida wajenge.

Mama akauliza: "Na zamu yenu lini?"

Nilikosa jibu. Mshauri alikuwa ameandika "2025" kwa penseli pembeni ya karatasi, mimi nikaichukua kama ahadi. Siku iliyofuata nilisoma masharti yote, kamusi mkononi, nikakuta kwamba sheria inakikataza chama cha akiba kuahidi tarehe. Zamu inategemea alama unazokusanya kwa kiasi ulichoweka na muda kilichokaa, na inategemea pia wengine wanaweka kiasi gani. Sasa nyumba inayouzwa haikungojei ukusanye alama. Wengi wanaoniuliza kuhusu mkataba huu huanza na riba, nami huwarudisha kwenye tarehe.

Nilishukuru kwamba hatukusaini ule wa 100,000 ambao mshauri alitutajia mwanzo. Ada yake ingekuwa 1,600, na kwa mshahara wetu 20,000 tu tulijua itatuchukua zaidi ya miaka minne. Alisisitiza sana zawadi ya serikali. Ipo kweli: asilimia 10 ya akiba ya mwaka, lakini kwa wanandoa inahesabiwa kwenye euro 1,400 tu, yaani haizidi 140, na kipato chenu kinachotozwa kodi kisipite 70,000. Hata kwa miaka saba ni 980. Ukitoa ada yetu, inabaki 180. Nilimwambia mume wangu, kama tunaingia humu, tuingie kwa ajili ya mkopo wa baadaye. Zawadi tuisahau.

Jambo jingine lililomuuma mume wangu kuliko mimi: alikuwa na kiwanja nyumbani, Pongwe, akidhani mkopo huu utakijenga. Mkataba wetu haukuruhusu. Pesa ya mkopo ni ya makazi ya huku.

Basi tukaendelea, 400 kila mwezi. Tulipoanza, benki zilikuwa zikikopesha nyumba kwa riba ya karibu asilimia 1, na wenzangu kazini walituona wajinga kufungia pesa kwa 1.9. Mwaka 2022 riba zikapanda, na 2023 zilikuwa zikikaribia 4. Hapo ndipo mkataba ukaanza kuwa na maana. Na hapo ndipo nyumba ikatokea, vuli ya 2023: nyumba ndogo ya zamani ya wachimba makaa, bei 240,000, bustani ya nyuma yenye mti wa tufaha. Mume wangu alisimama chini ya ule mti akanyamaza, nikajua tumeshanunua.

Akiba yetu kwenye mkataba ilikuwa kama 11,600. Zamu haipo. Chama kikatupa njia: watatukopesha 50,000 zote mara moja kwa riba ya 4.4 mpaka zamu ifike. Niliichukua karatasi nyumbani nikapiga hesabu usiku baada ya zamu ya kazini. Riba ingekuwa 2,200 kwa mwaka, karibu 183 kwa mwezi, na deni halipungui hata euro moja, maana wakati huo huo bado unaweka zile 400. Kibaya zaidi, riba unalipa kwenye 50,000 nzima, pamoja na zile 11,600 ambazo ni zako mwenyewe na zimelala kwao kwa riba ya 0.1. Na tarehe ya mwisho haijulikani.

Tulikwenda Verbraucherzentrale, shirika linalotetea wanunuzi, tukalipia saa moja ya ushauri. Mama aliyetushauri pale alituuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizana: nyumba ikishanunuliwa, paa litadumu miaka mingapi? Tukakumbuka vigae vilivyooza upande wa kaskazini.

Tukaugawa mzigo. Benki ya kawaida ilitupa 220,000, riba 3.9 isiyobadilika kwa miaka kumi, marejesho kama 1,080 kwa mwezi. Gharama za kununua, kodi ya asilimia 6.5 ya jimbo hili, notari, daftari la ardhi na dalali, zilifika karibu 29,000. Hizo pamoja na zile 20,000 za bei ambazo benki haikutoa zilitoka kwenye akiba nyingine ya miaka kumi na moja. Upatu wetu hatukuugusa. Ulikuwa wa paa.

Miaka miwili iliyofuata ilitubana, 1,480 kila mwezi. Mara mbili tulitaka kushusha mchango uwe 150, na mara mbili tukaacha, kwa sababu kila unachopunguza kinaichelewesha zamu. Nilichukua zamu za usiku, yeye akachukua za Jumapili.

Barua ya zamu ilikuja vuli ya 2025. Marejesho ya mkopo huu wa upatu ni 300 kwa mwezi, chini ya 400 tulizozoea kuweka. Nilimpigia mama siku hiyo hiyo. Akaniuliza kama paa lenyewe ni la bati au la vigae.

"Vigae, mama," nikamwambia. "Vyekundu."