Kunguru Mmoja au Wawili

Mpwa wangu amepata kibarua kwenye kambi ya wawindaji huko Rungwa, Tanzania. Jana usiku kanitumia picha ya darubini nyeusi, lenzi nyekundu, ubavuni imeandikwa 20x50, yaani yavuta mara 20 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 50. "Mjomba, hii bei yake poa. Niichukue?" Nilicheka mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Wekundu ule Ami aliusuta mbele yangu zamani. Ami, ndugu ya baba yangu, ndiye aliyekuwa akiwafuatia wawindaji wa kizungu nyayo za wanyama hadi uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Bunduki hakuwa nayo, ila darubini ya bwana wake ilishinda shingoni mwake. Uzeeni akataka yake mwenyewe, ya bei ya mtu wa kawaida. Nikampeleka duka moja la saa na redio pale Digo Road, Mombasa. Nilitaka twende asubuhi, akakataa katakata. "Asubuhi kila darubini ni nzuri," akasema. Tukafika magharibi ikikaribia.

Muuzaji akatoa ile nyekundu. "Mzee, hii ya kijeshi. Yavuta mara ishirini!"

"Na mkono wangu utetemekao, nao utavutwa mara ishirini?" Ami akaigeuzageuza. "Wekundu huu ni mwanga uliorudishwa nje, mwanangu. Mimi nautaka uingie machoni."

Akaomba nyingine, ndogo ya mfukoni, 10x25. Akainyoosha mbali na uso, akaelekeza vioo kwenye mwanga wa mlango. Pale pa kuweka jicho palionekana kiduara cha mwanga, kama punje ya mtama. Akaniambia nigawanye: 25 kwa 10, milimita mbili na nusu. Gizani jicho hufunguka zaidi ya hapo, kwa hiyo utabaki na njaa ya mwanga saa ile ile mnyama anapotoka kichakani.

Kisha akatoka nayo barazani, mimi nyuma, muuzaji nyuma yangu akihofia mali yake. Juu ya waya wa stima kulikuwa na kunguru. Ami akamtazama kitambo, akanipa. Nikaziona kucha zilivyoukamata waya, mdomo wazi, manyoya ya shingo yamefifia kijivu. Pembeni yake kidogo, kama aliyechungulia kutoka mgongoni mwake, kunguru wa pili.

"Wangapi?"

"Mmoja. La, wawili."

"Vioo vya ndani vimepishana. Itazame tangu alfajiri uone kichwa kitakavyokuuma."

Watu walikwisha simama kutazama. "Mzee, wanunua au wachunga ndege?" muuzaji akauliza.

"Nyati hakai juani akakungoja," Ami akamjibu. Akaashiria rafu ya juu, kwenye 8x42 iliyochubuka rangi, haina hata boksi. Kunguru akawa mmoja. Akaishusha kwenye uchochoro wa jirani, ambako mimi niliona giza tu, akasema kuna paka juu ya magunia. Akakunja mipira ya pale pa kuweka jicho ili miwani yake ikae vizuri, akatazama tena. "Mweupe miguuni." Nikaenda kuhakikisha. Alikuwepo, na miguu yenyewe ni myeupe.

Bei ilishuka kwa sababu ya mchubuko, na kwa sababu muuzaji alitaka kufunga.

Tuliijaribu Shimba Hills, mahali pekee Kenya penye palahala wa porini, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu. Dume moja lilisimama ukingoni mwa msitu, pembe zimepinda hadi nyuma. Ami hakuiondoa darubini usoni. Nikamuuliza anatazama nini muda wote huo.

"Umri wake. Huyu amekomaa."

"Kukomaa kwa kazi gani, Ami, na hakuna anayewinda tena?"

Hakunijibu. Akaomba kitambaa cha lenzi, na nilipoinua pindo la kanzu yangu akanipiga mkono. "Hilo lina mchanga. Utanikwaruzia kioo."