Shangazi anaponipigia saa nane usiku

Shangazi yangu wa Kirumba, Mwanza, anaamini mimi ni daktari wa simu. Nimeshamweleza mpaka nimechoka: mimi ni mpokea simu tu, nakaa hapa Leeds, England, na hedifoni masikioni, nasoma maswali yanayotokea kwenye kompyuta. "Si unapokea simu za wagonjwa? Basi."

Namba yetu ni 111. Ukiumwa na hali si ya kufa na kupona unapiga hiyo, bure, usiku na mchana. Mahututi ni 999. Ilianza kujaribiwa England mwaka 2010 katika maeneo manne, ikitarajiwa kuwaelekeza watu mahali panapowafaa badala ya kujazana idara za dharura. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walipopima mwaka wa kwanza wa majaribio hayo, foleni za dharura hazikuonyesha kupungua. Safari za magari ya wagonjwa ndizo zilizopanda, kwa asilimia 2.9.

Sisi wa kwenye viti hatushangai. Mgonjwa simwoni. Kompyuta inatanguliza mabaya: anapumua? anatokwa damu? kifua kinabana? Bibi wa watu akisema kinabana "kidogo tu", hiyo kidogo yake haina pa kubofya. Nani atamwambia alale mpaka asubuhi?

Sasa wiki iliyopita shangazi kapiga, kwao saa nane usiku, huku saa tano. Mjukuu wa mwaka mmoja na nusu anachemka tangu jioni. Alitaka nimtajie kipimo cha panadol, arudi kulala. Nikajikuta nauliza kama niko zamu: ananyonya? Hataki. Anatapika? Kila anachopewa. Ukimwita anaitika? Kimya kidogo. "Analegea, baba."

"Shangazi, ita bodaboda. Nenda hospitali ya Sekou Toure sasa hivi."

"Usiku huu? Nilidhani utanipa dawa."

Malaria. Kalazwa siku mbili, sasa anakimbiza kuku.

Kwa hiyo na mimi nimeongeza foleni ya watu, tena bila kompyuta. Lakini kwetu foleni hiyo imepungukiwa na watu: wale waliobaki nyumbani. Panadol ya dukani kwanza, mwarobaini, halafu "tuone kukipambazuka". Ng'ambo ya ziwa, Sengerema, ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kupata huduma ya simu ya m-mama. Ukipiga 115 kwa ajili ya mjamzito, aliyetoka kujifungua au kichanga, anayepokea anauliza dalili kama mimi, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana anatumwa dereva wa hukohuko kijijini, na hela yake inaingia kwa M-Pesa. Simu ile iliwekwa ili watu wafike hospitali, na wafike mapema. Naionea wivu kidogo.

Juzi shangazi kaniomba nimpe hiyo 111 awe anapiga mwenyewe, asinisumbue. Nikamwambia haifiki Kirumba.

"Basi wewe usizime simu."